Kenge wa Savana: Udongo wa Kuchimba na Chakula Kinachomfaa, Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu kenge wa savana yanafanana sana. Kenge anashinda pembeni mwa kioo akikwaruza. Ngozi ya zamani imemganda vidoleni na kwenye ncha ya mkia. Tumbo limekuwa kubwa hadi linaburuzwa chini, ilhali mwenyewe anasema anampa panya mmoja tu kwa siku. Nikiomba picha ya kizimba, naona maganda ya miti yenye kina cha vidole vitatu, taa moja kali juu, na bakuli la maji kando.

Shida hizo zina mzizi mmoja: mnyama amekauka. Porini, kenge huyu huulinda unyevu wa mwili wake kwa kukaa shimoni, ambako hewa ina unyevu hata jua likiwa kali huko nje. Akikosa shimo la namna hiyo, maji humpotea kidogo kidogo kila siku na figo zinaelemewa. Ukimwongezea panya wenye mafuta mengi juu ya hali hiyo, anaugua jongo (asidi ya mkojo inayovimbisha viungo), au ini lake linajaa mafuta. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na udongo. Chakula kitafuata.

Ninayemzungumzia ni *Varanus exanthematicus*, kenge wa Afrika Magharibi na Kati ambaye ndiye anayeuzwa zaidi Marekani na Ulaya, wengi wao wakiwa wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Si kenge maji wa mitoni kwetu, wala si yule kenge mkubwa mwenye koo jeupe wa nyika za Kenya na Tanzania. Wenzangu mlioko Afrika Mashariki: kenge wa porini ni mali ya umma. Usimkamate wala kumfuga bila kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori) kwa Kenya au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) kwa Tanzania.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa ajili ya makazi:

- Udongo wa juu wa bustani usio na mbolea wala dawa
- Mchanga safi wa kuchezea watoto, au mchanga wa mto uliooshwa
- Chupa ya kioo yenye mfuniko, kwa ajili ya kupima udongo
- Karatasi nzito ya plastiki ya kutandikia mabwawa ya samaki
- Majani makavu, magogo, na vipande vya mbao bapa
- Taa mbili au tatu za halojeni za wati ndogo, na taa ndefu ya UVB (miale kama ile ya jua inayomsaidia kenge kutengeneza vitamini D3)
- Kipimajoto cha kulenga kwa mbali, chenye kusoma joto la uso wa kitu
- Vipima unyevu viwili
- Mizani

Kwa ajili ya chakula:

- Wadudu hai wa aina tatu au zaidi
- Unga wa kalsiamu isiyo na vitamini D3, na mchanganyiko mwingine wa vitamini wenye D3
- Mboga za kuwalisha wadudu wenyewe
- Koleo ndefu ya kulishia

Kipimajoto usikiache ukidhani utakisia kwa mkono. Mkono hauwezi kutofautisha nyuzi 45 na nyuzi 60, na kwa kenge tofauti hiyo ni kubwa.

## Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kununua mifuko ishirini

Nunua mfuko mmoja kwanza. Soma maandishi yake yote. Ukiona neno mbolea, au vijipira vidogo vya rangi vilivyochanganywa humo, rudisha. Chembe nyeupe nyepesi zinazoelea kwenye maji nazo ni dalili ya udongo wa vyungu vya maua. Huo haushiki shimo, na kenge anaweza kuzimeza chembe hizo pamoja na mdudu.

Jaza chupa ya kioo udongo hadi nusu, ongeza maji hadi karibu na mdomo, funika, tikisa kwa nguvu, kisha iache siku nzima bila kuigusa. Mchanga utatua chini, tope laini litakaa juu yake, na udongo wa mfinyanzi utatanda juu kabisa. Unachotafuta ni tabaka nene la mchanga, tope la kiasi, na mfinyanzi mwembamba. Mfinyanzi ukizidi, udongo utakauka na kuwa mgumu kama tofali, na kenge atakata tamaa ya kuchimba. Usipokuwepo kabisa, shimo litaporomoka.

Vitu hivi usivitumie hata kama muuzaji anavisifia: maganda ya miti peke yake, magazeti, zulia bandia, mchanga mtupu, mchanga wa kalsiamu, na vumbi la nazi peke yake. Vumbi la nazi lina unyevu mzuri, ila haliwezi kubeba dari ya handaki. Likikauka linageuka vumbi linaloingia machoni na puani.

## Hatua ya 2: Changanya na uloanishe

Anza na sehemu mbili za udongo kwa sehemu moja ya mchanga. Kama chupa ilionyesha kwamba udongo wako tayari una mchanga mwingi, punguza mchanga au uuache kabisa. Changanya nje, juu ya turubai, ukinyunyiza maji kidogo kidogo huku unageuza kwa beleshi. Usimwage ndoo nzima kwa mara moja. Utapata matope upande mmoja na vumbi upande mwingine.

Kisha chota udongo mkononi, ufinyange kama tonge la ugali, ufungue kiganja. Mambo matatu yanatakiwa kuonekana. Tonge libaki na umbo lake. Maji yasipenye kati ya vidole. Na ukilidokoa kwa kidole gumba, lipasuke vipande viwili au vitatu badala ya kumwagika kama unga au kubonyea kama udongo wa kufinyangia.

Likimwagika, ongeza maji, na likiendelea kumwagika, ongeza udongo wenye mfinyanzi kidogo. Likibonyea bila kupasuka, ongeza mchanga. Rudia mpaka lipasuke inavyotakiwa. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na makosa ya hatua hii hayarekebishiki kirahisi udongo ukishaingia kizimbani.

## Hatua ya 3: Hakikisha kizimba na sakafu vinaubeba mzigo

Kenge mzima anahitaji kizimba cha angalau mita 2.4 kwa 1.2, na udongo wa kina cha sentimita 60. Hesabu: hizo ni takriban lita 1,700 za udongo mbichi, na uzito wake unapita tani mbili na nusu. Mtoto wa kenge anaweza kuanza kwenye kizimba cha sentimita 120 kwa 60 chenye udongo wa sentimita 30, na hata huo unazidi kilo 300.

Kwa hiyo kizimba cha mkubwa kikae sakafu ya chini, juu ya zege. Mpangaji wa ghorofa ya tatu asijaribu kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba na mtu anayejua ujenzi. Kama jibu ni hapana, basi mnyama huyu si wa nyumba hiyo, na ni heri kulijua hilo kabla ya kumnunua.

Sehemu ya chini ya kizimba iwe imara kama sanduku la kubebea zege, itandikwe plastiki ya bwawa iliyopanda kuta zote hadi juu ya usawa wa udongo. Mbao zikiguswa na udongo mbichi zinaoza ndani ya muda mfupi. Milango ianzie juu ya usawa wa udongo, la sivyo kila ukifungua utazoa udongo sakafuni.

Sehemu ya juu iwe imezibwa pia, ikiwa na matundu machache ya hewa. Kizimba chenye mfuniko wa wavu mtupu hakitunzi unyevu hata ukinyunyiza maji asubuhi na jioni.

## Hatua ya 4: Jaza kwa matabaka

Usiumwage udongo wote kwa pamoja. Weka tabaka la sentimita 10 hadi 15, ulishindilie kwa mguu au kwa ubao, kisha weka jingine. Udongo uliolegea hauwezi kushikilia handaki. Ukishindiliwa kiasi, chembe zinakumbatiana na dari inasimama.

Fanya mteremko: upande wa taa uwe juu kidogo, na upande wa baridi uwe na kina kikubwa zaidi. Magogo na mawe mazito yakae juu ya sakafu ya kizimba yenyewe, au yazikwe mpaka yaiguse. Usiliweke jiwe zito juu ya udongo. Kenge atachimba chini yake na linaweza kumwangukia.

Jaribio la mwisho: sukuma bomba nene kama mkono wako ndani ya udongo kwa mshazari, kisha livute taratibu. Tundu likibaki wazi mpaka kesho yake, umefaulu. Likiziba, rudi Hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Mwanzishie shimo

Kenge aliyekaa miezi mingi kwenye maganda ya miti mara nyingi hajui kwamba sasa anaweza kuchimba. Chimba mwanzo wa handaki chini ya gogo au ubao bapa, likiinama kuelekea chini, lenye upana wa mwili wake tu. Kenge anajisikia salama pale mgongo na mbavu zinapogusa kuta. Pango pana halimpi utulivu huo.

Funika upande wa baridi kwa majani makavu mengi. Yanazuia uso wa udongo kukauka na yanampa mahali pa kujificha siku za mwanzo.

Kisha mwache. Usimtoe shimoni ili kumwonyesha mgeni, wala usifukue kuona kama yumo. Akianza kazi utaiona: anaingiza pua kwanza huku ulimi ukitoka na kuingia, anakwangua kwa mguu mmoja wa mbele mara kadhaa, anabadilisha mguu, kisha anarudi kinyumenyume na kuacha lundo la udongo mlangoni. Kuta za handaki linalotumika huwa zimesuguliwa laini, na ukimulika tochi utaona michirizi ya kucha.

Kwa jike, kina cha udongo kina uzito wa pekee. Jike anaweza kutunga mayai hata bila dume, na akikosa mahali pa kuchimba kiota anaweza kuyazuia tumboni hadi yamuue.

## Hatua ya 6: Panga joto juu ya udongo

Taa zote zikae upande mmoja. Mahali pa kuota joto, uso wa mbao au jiwe ufike nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi. Hewa ya upande wa baridi ibaki kati ya 24 na 28. Watu hushtuka wakisikia nyuzi 60, lakini kenge haketi pale mpaka aive: anajaza joto kwa haraka, kisha anaondoka. Bila joto hilo chakula kinakaa tumboni bila kusagwa vizuri.

Tumia taa mbili au tatu za wati ndogo zilizopangwa kufuata urefu wa mwili, si moja kali. Taa moja inachoma sehemu ndogo ya mgongo huku miguu na mkia vikiwa bado baridi, kwa hiyo kenge anaendelea kukaa mpaka anaungua. Usitumie jiwe la umeme la kupasha joto kutoka chini.

Pima kwa kipimajoto baada ya taa kuwaka saa moja. Taa ya UVB iwake saa 12 pamoja nazo, na balbu yake ibadilishwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji hata kama bado inatoa mwanga, kwa sababu nguvu ya UVB huisha kabla ya mwanga wenyewe.

## Hatua ya 7: Linda unyevu wa chini

Kosa la kawaida hapa ni kunyunyizia hewa. Matone kwenye kioo yanapendeza, lakini yanakauka baada ya saa chache na chini hakufiki kitu. Mwagilia udongo wenyewe: mimina maji kwenye pembe za upande wa baridi yashuke mpaka chini, yapande taratibu. Uso wa juu unaweza kuwa mkavu. Ukichokonoa kwa vidole sentimita kadhaa, uwe mbichi.

Kipima unyevu kimoja kiwe juu ya udongo, kingine ukishushe kwenye mdomo wa handaki. Juu, asilimia 50 hadi 60 inatosha. Ndani ya handaki tafuta 80 au zaidi.

Kinyesi kiondolewe siku hiyohiyo pamoja na udongo ulioguswa nacho. Harufu ya udongo mzuri ni ile ya ardhi baada ya mvua. Ukisikia harufu kali ya mkojo au uozo, kuna maji yaliyotuama chini. Fukua sehemu hiyo, iache ipate hewa, na upunguze kumwagilia. Nawa mikono kwa sabuni kila ukitoka kizimbani, maana kenge hubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuugua.

Umefaulu pale ngozi ya zamani inapotoka yenyewe vidoleni na mkiani, na kenge anapotokea shimoni asubuhi akiwa na udongo mbichi kichwani.

## Hatua ya 8: Chagua chakula cha asili yake

Kenge wa savana si mwindaji wa panya. Watafiti waliochunguza matumbo na vinyesi vyao Ghana na Senegali walikuta nyenje, panzi, mbawakawa, majongoo, nge na konokono. Makinda wa Ghana mara nyingi huishi kwenye mashimo ya nyenje wakubwa mashambani, wakala nyenje na kulala nyumbani kwao. Porini pia kuna msimu wa kula sana na msimu wa ukame wa kutumia akiba ya mafuta mwilini. Nyumbani kwako hakuna ukame, kwa hiyo akiba hiyo haitumiki kamwe.

Panga chakula hivi:

Msingi wa kila wiki: nyenje, mende wa dubia (aina ya mende wanaofugwa kwa kulishia wanyama), nzige wa kufugwa, nyungunyungu, konokono. Ulaya nzige wanapatikana madukani kwa urahisi. Marekani hawauzwi kwa kulishia wanyama, tumia mende na nyenje. Canada hairuhusu mende wa dubia, kwa hiyo huko tegemea nyenje na nyungunyungu.

Mara mojamoja: funza wakubwa wa mbawakawa, maana wana mafuta. Yai la kware mara moja kwa mwezi. Panya mdogo mzima, mwenye mifupa na matumbo yake, mara moja kwa mwezi kwa kenge mkubwa ukipenda. Asipompata kabisa, hapungukiwi kitu.

Kamwe: nyama ya kusaga, chakula cha mbwa au cha paka cha makopo, soseji, nyama yenye chumvi au viungo, na vimulimuli, ambao baadhi yao wana sumu ya kuua mjusi.

Konokono nampa sifa ya pekee. Gamba lake lina kalsiamu, nyama yake ina maji, na kenge hufurahia kulivunja. Lakini usiokote bustanini, kwani huenda amekula dawa ya kuulia konokono au amebeba minyoo. Nunua waliofugwa. Na yule konokono mkubwa tunayemjua pwani ya Afrika Mashariki ni marufuku kumiliki Marekani, usijaribu kumwagiza.

## Hatua ya 9: Lishe mdudu kwanza

Nyenje aliyekaa na njaa kwenye kopo la duka ni gamba tupu. Siku moja au mbili kabla ya kumtoa, mpe karoti, boga, sukuma wiki na nafaka. Alichokula kitaingia tumboni mwa kenge.

Wadudu wengi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, wakati mjusi anahitaji kalsiamu iwe takriban mara mbili ya fosforasi. Watie kwenye mfuko, nyunyiza unga wa kalsiamu, tikisa kidogo, kisha walishe hapohapo kabla hawajajipangusa. Fanya hivyo karibu kila mlo. Mchanganyiko wenye D3 utumike mara moja kila wiki mbili kama taa ya UVB inafanya kazi, kwa sababu D3 ikizidi inadhuru figo.

Ukipuuza hili, mifupa ya kenge mchanga inalainika: taya linabonyea, miguu inatetemeka, mgongo unapinda.

## Hatua ya 10: Ratiba na mizani

Kinda ale kila siku, kadiri atakavyomaliza ndani ya dakika kumi hivi. Upana wa mdudu usizidi nafasi iliyopo kati ya macho yake. Anayekaribia utu uzima ale kila baada ya siku moja. Mkubwa ale mara tatu kwa wiki.

Achia baadhi ya wadudu wakimbie na wajifukie kwenye udongo. Kuwinda na kuchimbua ndiko kunakomchosha na kumpunguzia mafuta. Waliobaki usiku waondoe, maana nyenje wenye njaa wanaweza kumng'ata akiwa amelala.

Mpime kila wiki, siku ileile, na uandike. Mwili mzuri ni huu: shina la mkia limejaa bila kuvimba, mifupa ya nyonga haionekani, na akitembea tumbo linainuka kutoka chini. Tumbo likiburuzwa, punguza siku za kula na uondoe funza na panya kabisa. Usimfungishe kwa ghafla wiki nyingi, kwani ini lenye mafuta halistahimili hilo.

## Kenge aliyezoea panya akikataa wadudu

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa sababu wanamhurumia siku ya tatu na kumrudishia panya. Kwanza thibitisha joto na unyevu. Kenge aliyepoa hali chochote. Kisha ruka milo miwili.

Mlo wa tatu, mpake mende mkubwa ute wa yai la kware, mshikie kwa koleo mbele ya pua, umtikise. Akikataa, mtupe karibu na mdomo wa handaki akimbie. Mwendo wa mdudu mara nyingi huamsha kile ambacho harufu haikuamsha. Rudia kila baada ya siku mbili, ukipunguza yai kila mara, na ubadilishe aina ya mdudu.

Kenge mnene mwenye nguvu anaweza kukataa kwa wiki mbili bila madhara iwapo anakunywa maji na uzito unashuka polepole. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua mijusi bila kusubiri wiki hizo ukiona macho yamezama, viungo vya vidole au kifundo vimevimba, au anakaa nje ya shimo usiku akiwa amefumba macho. Beba kumbukumbu za uzito na picha ya kizimba, pamoja na vipimo vya joto na unyevu vya wiki iliyopita, kwa kuwa hayo ndiyo maswali ya kwanza atakayokuuliza.